Taa Iliyokimbiwa na Bahari

Siku ya kwanza niliyokwenda Sakai, mji wa bandari kule Japani, kuutafuta mnara wa taa nilipotea, na aliyenipoteza ni bahari. Mtoto wa Unguja hafundishwi jambo hili, anazaliwa nalo: taa ya vyombo ipo pwani, shika njia ya pwani utaikuta. Basi nikashuka kituo cha Sakai, treni ya Nankai, dakika kumi na kitu tu kutoka Namba katikati ya Osaka, nikaelekea magharibi. Nikapita maghala. Nikapita uwanja wa malori. Kila nilipodhani sasa nafika ufukweni nikakuta ukuta mwingine na ghala jingine nyuma yake. Nusu saa baadaye nimesimama mbele ya geti la kiwanda, mlinzi ananitazama kama mtu aliyekuja kuomba kazi siku ya mapumziko. Nikamuonyesha picha kwenye simu. Akacheka, akanyoosha mkono nyuma yangu, kule kule nilikotoka.

Mnara nilikuwa nimeshaupita. Upo kwenye mdomo wa bandari ya zamani, robo saa kwa miguu kutoka kituoni, na sikuuona kwa sababu sikutarajia kuukuta upande wa bara.

Nilipoufikia nilisikia kwanza magari. Barabara kuu ya juu, ile inayopita kwenye nguzo, inavuma karibu yake mchana kutwa. Chini kuna maji yaliyotulia ya bandari, mashua za uvuvi zimefungwa, na pembezoni, juu ya msingi wa mawe, mnara mweupe wa mbao wenye pembe sita. Si mrefu. Una mita 11 na kidogo. Chini ni mpana, unakwenda ukipungua kama kawa iliyosimamishwa, na juu kabisa kuna kichumba cha vioo ilimokaa taa. Mnazi wa shambani kwetu unaupita kwa urefu. Lakini ulivyosimama! Una heshima ya mzee aliyevaa kanzu safi akakaa barazani kwake, hata kama mtaa mzima umeshageuka gereji.

Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani hufunguliwa kwa nadra, hasa siku ya Sikukuu ya Bahari, ambayo Wajapani huiadhimisha Jumatatu ya tatu ya mwezi wa Julai. Mimi nimekwenda Novemba. Nikapiga picha nne, nikamtumia Ami, nikarudi zangu.

Ami ni mdogo wake baba. Maisha yake yote ni fundi wa vyombo. Mashua, ngalawa, na siku zile mbao zilipokuwa zinapatikana, majahazi. Sasa magoti yamemkataa lakini jicho bado. Nilitegemea atasema "mashaallah" kama anavyosema kwa picha zote ninazomtumia, za theluji, za treni, za paka. Ujumbe wake wa sauti ulinikuta bado nipo kwenye behewa:

"Aleikum salaam mwanangu. Hii mbao hii? Ina miaka mingapi? Na imefumuliwa mara ngapi?"

Nikamjibu imejengwa mwaka 1877, na sijui habari za kufumuliwa, imesimama pale pale tangu ilipojengwa. Akanijibu kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtoto: "Hiyo kufumuliwa imefumuliwa. Wewe kaulize lini."

Basi nikaenda kuuliza, yaani nikakaa na kusoma. Na kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mnara ule ulifanyiwa ukarabati mkubwa, kazi ya miaka kadhaa iliyomalizika mwaka 2007. Ulivunjwa kwa mpangilio, mbao zikakaguliwa, zilizokufa zikabadilishwa, nzima zikarudishwa mahali pake. Ami aliujua ukweli huo kutoka Unguja, kwa picha nne za simu. Na hakuna uganga hapo. Mtu aliyefumua majahazi anajua tu kwamba mbao haikai karne na nusu kwenye upepo wa chumvi bila kuguswa. Chombo cha mbao kinachoonekana kizuri kina mtu nyuma yake. Kama kwetu jahazi linavyopandishwa pwani, likapigwa kalafati upya, likapakwa deheni, taruma lililooza likang'olewa likawekwa jipya. Ukimuuliza nahodha jahazi lake la mwaka gani, atakutajia mwaka wa babu yake, ingawa hakuna hata ubao mmojawapo uliomuona babu.

Kusoma nako hakuna mwisho ukishaanza. Nikajikuta naifuata historia ya mji mzima.

Jina Sakai maana yake mpaka. Mji ulikaa pale zilipokutana mikoa mitatu ya kale, Settsu, Kawachi na Izumi, na kama ilivyo kwa miji ya mipakani, ukaishi kwa biashara. Katika karne ya 16 wafanyabiashara wakubwa ndio walioushika mji, wakauchimbia mahandaki ya maji kuuzunguka, na padri mmoja wa Kireno, Gaspar Vilela, aliandika kuwa unatawaliwa kama Venice. Hapo nilitabasamu. Mreno huyo huyo! Sisi alitufikia 1498 na Vasco da Gama, akatuachia ngome ya Mombasa mwaka 1593. Japani alifika 1543 na bunduki, na mafundi wa Sakai wakajifunza kuzitengeneza wakawa mabingwa wake. Akaleta na tumbaku, wahunzi wa Sakai wakatengeneza visu vya kuikatia, na mpaka leo ukimuuliza mpishi wa Kijapani kisu chake kimetoka wapi, mara nyingi atakutajia mji huo. Kisu kimoja hupita mikono ya watu mbalimbali: mmoja anafua chuma, mwingine ananoa, mwingine anatia mpini. Niliingia duka moja nikaangalia bei, nikatoka kwa adabu.

Kilichoiumiza bandari ni mto. Mwaka 1704 Mto Yamato, uliokuwa ukifurika na kuharibu mashamba huko ndani, uligeuzwa ukachimbiwa njia mpya ya kuingia baharini baina ya Osaka na Sakai. Wakulima wakapumua. Mchanga wote ukawa unamwagwa mlangoni mwa Sakai. Kila kizazi kikawa kinazibua bandari na kuisogeza mbele kuufuata ukingo wa bahari, mto nao ukifuata nyuma ukijaza. Kwa hiyo ukisikia bahari imeukimbia mnara huu, elewa ilianza kukimbia kabla mnara haujazaliwa.

Ulipojengwa, mwaka 1877, Sakai ilikuwa mkoa wenye jina lake, mkoa ulioishi miaka kumi na kitu tu kabla ya kumezwa na Osaka. Fedha nyingi zilichangwa na watu wa mjini wenyewe, serikali ya mkoa ikaongeza. Msingi wa mawe ulijengwa na mwashi kutoka Bizen, huko Okayama ya leo. Mnara wenyewe ukajengwa na seremala wa hapo hapo Sakai. Mtambo wa taa ukaagizwa Ufaransa, akaja Mwingereza kutoka idara ya minara kule Yokohama kuufunga. Seremala yule ndiye ninayemuwazia zaidi. Amezoea kujenga mahekalu na nyumba za watu, leo anaambiwa jenga kitu cha Kizungu chenye pembe sita, kipungue kikienda juu, na kisitikisike na tufani. Zana zake ni zile zile. Mbao ni ile ile. Ami nilipomsimulia akasema, "Si kazi. Mashua nayo inapungua mbele na nyuma." Halafu akanyamaza kidogo. "Pembe sita lakini ina kazi."

Kuna jambo la Ufaransa ambalo vibao vya watalii havilifungamanishi na taa, na mimi naona linastahili. Machi 1868, miaka tisa tu kabla, mabaharia wa manowari ya Kifaransa Dupleix walishuka Sakai, wakagombana na askari wa jimbo la Tosa waliokuwa wakiulinda mji, Wafaransa 11 wakauawa. Ufaransa ikadai damu. Watu 20 wa Tosa wakahukumiwa kujipasua matumbo mbele ya mashahidi wa Kifaransa, na walipofika wa 11 nahodha Mfaransa akasimamisha. Idadi ikawa sawa kwa sawa. Miaka tisa baadaye mji ule ule ukaagiza taa Ufaransa, ikatundikwa mdomoni mwa bandari ile ile kuzipokea meli salama. Sijui kama kuna mtu aliyeliona hilo siku taa inawashwa. Mimi ningeliona.

Iliwaka miaka 91. Wakati huo wote mwambao huu wa Ohama ulikuwa wa raha. Watu walikuja kuogelea, na maonyesho makubwa ya taifa ya mwaka 1903 yalipofanyika Osaka, hapa palijengwa nyumba ya samaki hai. Kisha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 bahari ikafukiwa. Safari hii haikuwa kwa mchanga wa mto. Ilifukiwa kwa makusudi, kilomita baada ya kilomita, vikapandwa viwanda vya chuma na mafuta. Meli zikahamia huko nje. Mwaka 1968 mnara ukabaki unaangaza maghala, ukazimwa. Mwaka 1972 serikali ikautangaza kuwa eneo la kihistoria la taifa. Ndiyo maana nilipotea. Nilikuwa naitafuta bahari ya mwaka 1877.

Nitoke njiani kidogo. Ndani ya bustani ya Ohama, hatua chache kutoka hapo, kuna mlima unaoitwa Sotetsuyama, wenye urefu wa mita 6.97. Sijakosea nukta. Mita sita na nukta tisa saba. Ndio mlima mfupi kuliko yote Japani miongoni mwa ile yenye jiwe la wapimaji ardhi la daraja la kwanza, na ukiupanda unaweza kupata cheti kwenye hekalu la jirani. Mimi, raia wa nchi yenye mlima wa mita 5,895 ambao sijawahi hata kuukanyaga chini yake, nimeupanda Sotetsuyama kwa sekunde ishirini, nikapumzika kileleni, nikapiga picha. Ami hakujibu ile.

Alinijibu siku nyingine, kwa habari nyingine. Nilikuwa nimemwambia kwamba ninachokistaajabia ni kuona taa isiyofanya kazi inatunzwa namna ile. Akaanza kuikumbuka taa yetu.

Vijana wengi wa mjini hawaijui. Mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, palikuwa na mnara wa taa wenye safu kwa safu za mataa, hadi mabaharia wa Kizungu wakaubandika jina la mti wa Krismasi wa Sultani. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa muda usiofika saa moja. Mnara ule ukaumia vibaya, ukabomolewa, na mnara wa saa ukajengwa kuungana na uso wa jumba lenyewe. Huo wa saa ndio tuliokua nao. Tulikuwa tunakula urojo Forodhani tukiuangalia bila kuutazama. Ilipofika siku ya Krismasi ya mwaka 2020, upande mmoja wa jumba uliporomoka pamoja na mnara huo, wakati ukarabati unaendelea, na wafanyakazi wawili walikufa. Nilikuwa Darajani. Niliona watu wanakimbia kuelekea Forodhani, na mimi nikakimbia nao bila kujua tunakimbilia nini.

"Mbao ikioza unaigonga inakwambia," Ami alisema. "Jiwe linakaa kimya na chuma chake kinaliwa ndani." Sikubaliani naye moja kwa moja. Mnara wa Chumbe ni wa mawe, wa mwaka 1904, na mpaka leo ukitoka na boti kwenda Dar unaupita umesimama. Lakini najua alichokuwa anasema. Mbao inakulazimisha urudi. Kila miaka kadhaa lazima mtu apande na rangi, lazima mtu agonge asikilize, na katika kupanda huko ndiko watu wanabaki wanakijua kitu chao.

Ni yeye aliyenisukuma niende Imazu, ingawa hakujua. Aliuliza kama Wajapani wana taa nyingine ya mbao ambayo bado inafanya kazi. Ipo, upande wa pili wa Ghuba ya Osaka, Nishinomiya, treni ya Hanshin. Na hapa inabidi nivumilie, maana ni taa iliyojengwa na pombe. Mwambao ule ndio wa watengenezaji wa sake, na mwaka 1810 ukoo wenye kiwanda cha Ozeki ulisimamisha taa ili meli zilizopakia mapipa kwenda Edo, Tokyo ya leo, na kurudi, zisikwame. Iliyopo sasa ilijengwa upya mwaka 1858. Ni ndogo, haifiki mita saba, na haina Uzungu wowote: ni taa ya hekalu iliyorefushwa, imewekwa chini ya ulinzi wa mungu wa Konpira ambaye mabaharia wa Kijapani humuomba kama sisi tunavyosoma dua kabla ya kutweka. Inasimuliwa kwamba kila jioni mtoto mwanagenzi wa kiwandani alitembea nayo mafuta, kibaba kidogo kisichofika nusu lita, akaitia, akaiwasha, akarudi. Mtoto gani huyo asiyeichukia mvua ya Desemba?

Mwaka 2023 wakaihamisha. Serikali ya mkoa ilihitaji eneo kwa ajili ya mlango mpya wa kuzuia maji ya tsunami, na taa ikavukishwa upande wa pili wa bandari, mita mia na kitu. Haikupelekwa makumbusho. Iliwekwa tena kwenye maji, iendelee na kazi. Nilikaa mpaka magharibi kuiona ikiwaka. Kwa kweli si tukio kubwa. Dakika moja haipo, dakika inayofuata ipo, na mtu aliyekuwa anatembeza mbwa hakugeuza hata shingo.

Nikamsimulia Ami. Nilidhani atafurahia ile ya kuhamishwa. Yeye akarudi Sakai.

"Ile ya kwanza. Picha zako zote umepiga juu. Rudi uende ukapige chini, pale mbao inapokutana na jiwe. Maji yanakaa pale. Ukitaka kujua wanaijali au wameipaka rangi tu, angalia pale."

Mwalimu wangu wa Kijapani aliwahi kutufundisha methali yao, *todai moto kurashi*: chini ya taa kuna giza. Neno hilo todai siku hizi ndilo mnara wa taa, ingawa methali asili yake ni kinara cha ndani ya nyumba. Nilipata maksi kwa kuikariri.

Basi Jumamosi iliyofuata nikarudi, safari hii bila kupotea. Kwenye ukingo alikuwepo mzee mmoja na fimbo yake ya kuvulia, ndoo pembeni, kofia imefunika masikio. Nikamsalimia. Kijapani changu ni cha dukani na ofisini, chake cha Osaka ya zamani, tukakutana katikati kwa mikono. Aliniuliza natokea wapi. Nikasema Afrika, kisiwani, bandari ya zamani. Akatikisa kichwa, akauelekeza mkono kwenye maghala yale yale niliyopotelea, akafanya kama mtu anayepiga mbizi: utotoni alikuwa anaogelea kule. Kisha akanifungulia ndoo. Samaki sita wadogo, mgongo wa kijani, mstari wa magamba magumu ubavuni kuelekea mkiani.

"Vibua!" nilisema kwa sauti, na yeye akasema jina lake, *aji*, tukacheka kama watu waliokutana na jirani ugenini.

Nikamuaga nikauzunguka mnara. Sikuruhusiwa kuugusa, na nilitamani mno kuugonga kwa kifundo cha kidole, nisikilize kama Ami anavyosikiliza. Nikachuchumaa nilipoweza, nikavuta kamera ya simu mpaka pale mbao inapokutana na jiwe. Rangi ya huko chini ilikuwa nyeupe zaidi kuliko ya juu. Maungio makavu. Pembe moja palikuwa na alama ya brashi, mstari mfupi uliopitiliza kidogo ukalipaka jiwe, kama mtu alivyokuwa amechuchumaa, amechoka, anataka kumaliza kabla jua halijazama.

Nikaipiga picha hiyo, nikaituma pamoja na ya ndoo ya yule mzee. Kwetu ilikuwa mapema asubuhi. Jibu likaja kabla sijafika kituoni.

"Ehe. Hapo sasa. Wanapajua." Nikasikia anakohoa, kikombe kinawekwa chini. "Na hao vibua, kakupa hata mmoja?"